Sifa za Fundi Anayepima Kwanza

Kompyuta nyingi za gemu ninazozijua hapa Milimani, kando ya ziwa, hazikutengenezwa kwa ajili ya gemu. Zilianza kazi katika ofisi za Uingereza, zikachakaa kidogo, zikaletwa Kenya na kuuzwa madukani kama ex-UK. Ukiona Dell OptiPlex 7010, mashine ya mwaka 2012, inacheza FIFA bila kukwama, jua kuna fundi aliyekaa nayo. Nawasifu mafundi hao, hasa kwa kazi wanayoifanya kabla ya kadi kununuliwa.

Fundi mzuri huanza na kibandiko cha pawa saplai. Kwenye 7010 ile ndefu kimeandikwa wati 275, wala hakuna waya wa ziada wa kulisha kadi ya grafiki. Hesabu yote inaanzia hapo. Nafasi inapochomekwa kadi hutoa wati 75, basi. Inatafutwa kadi inayotosheka na hizo, mathalani GTX 1050 Ti ya mwaka 2016, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4. Kisha anachukua rula, kwa sababu kasha jembamba halipokei kadi ya kimo cha kawaida.

Halafu kuna yale ambayo boksi halisemi. Kadi ya RX 6400 ilitoka mwaka 2022 na inakula wati 53 tu. Mnunuzi akisikia hivyo anaikimbilia. Lakini kadi hiyo huwasiliana na ubao mama kupitia njia 4, si 16. Kwenye kompyuta mpya hilo halisumbui sana. Kwenye mashine ya 2012 kasi ya kila njia hushuka kwa nusu au zaidi, na kumbukumbu ya kadi ikijaa, gemu huanza kukatakata. Fundi anayemweleza mteja hayo, hata kama RX 6400 ndiyo kadi pekee aliyo nayo ya kuuza, huyo namvulia kofia.

Huku kando ya ziwa kuna kazi nyingine tena. Wadudu wa ziwani hufuata taa usiku, wanaingia madirishani, na feni inawavuta ndani pamoja na vumbi. Ukifungua kasha unawakuta wamekauka katikati ya mapezi ya kipoza joto, wamefunga njia ya hewa. Fundi hupitisha brashi laini pezi kwa pezi, kidole kimeizuia feni isizunguke. Dawa ya joto iliyokauka kama chokaa juu ya prosesa anaifuta kwa spiriti na kupaka mpya. Ndipo anagusa chuma cha kasha umeme tuli umtoke, anaishika kadi kingoni bila kugusa meno yake ya dhahabu, na kuisukuma sawasawa mpaka klipu ilie. Waya wa skrini unahamia kwenye kadi. Kuchomeka kadi huko huchukua dakika chache tu, na kwa kawaida ndizo pekee anazolipwa.

Hilo si haki. Kama una mashine ya namna hii, usitangulize kadi. Mpelekee fundi kasha zima, mwache alifungue na kupima, kisha umlipe kwa kupima huko, hata akikwambia kompyuta yako haifai kuongezewa kitu.