Mchoro wa "seli hadi kiumbe" haujafika kibanjani

Kama umepita kidato cha kwanza, unaukumbuka. Maboksi matano, vishale vinne: seli, tishu, ogani, mfumo, kiumbe. Kwenye boksi la mwisho kuna mtu amesimama wima, mikono chini. Sisi tuliunakili kutoka ubaoni, mtihani ukaja, tukapata maksi zetu. Sina ugomvi na maksi. Nina ugomvi na mchoro, na naomba tuukague tukiwa tumesimama kwenye kibanja huku Kahororo, Bukoba, chini ya migomba.

Kwanza tuutendee haki. Kwa mwili wa binadamu unafanya kazi. Seli za msuli wa moyo zinashikana kuwa tishu, tishu hiyo na nyingine zinaunda moyo, moyo na mishipa yake vinaunda mfumo wa damu. Anayeanza anapata pa kushika.

Sasa mgeukie mgomba. Kile unachokiita shina, si shina. Kata kigogo uangalie: ni sehemu za chini za majani, zimekumbatiana moja ndani ya nyingine kama maganda ya kitunguu. Shina la kweli ni tunguu, na limejificha ardhini. Hadi hapa hakuna tatizo kubwa, tumekosea ogani tu. Tatizo linakuja tunguu linapotoa machipukizi. Wakulima huacha matatu kwa mpangilio: mama, mwana, mjukuu. Mama anazaa mkungu mmoja tu, anakatwa, mwana anashika nafasi. Kibanja kinaendelea hivyo miaka mingi kuliko umri wa anayekilima.

Haya, niambie: hapo kuna kiumbe kimoja au vitatu? Chini wameungana. Lakini ukimchimbua mwana ukampanda kwingine, anaishi peke yake bila shida. Boksi la mwisho lina mtu mmoja, halina jibu.

Utasema hayo ni maswali ya watu wenye muda mwingi. Basi sikiliza. Mwaka 2006 mnyauko wa migomba uligundulika Tanzania kwa mara ya kwanza, hapa hapa Kagera, wilayani Muleba. Uganda walikuwa wameshauona tangu 2001. Unaletwa na bakteria aina ya Xanthomonas, na yeye mwenyewe ni kichekesho kwa mchoro wetu: ni seli moja na ni kiumbe kamili, yaani yuko boksi la kwanza na la mwisho kwa wakati mmoja. Anaingia kupitia ua dume akiletwa na wadudu, au kupitia panga lililokata mgomba mgonjwa. Akishaingia anasafiri kwenye mirija ya maji. Majani yananjano, ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukikata kigogo kinatoka kiowevu cha njano. Dawa ya kumponya mgomba haipo.

Ushauri uliotolewa mwanzoni ulikuwa: ng'oa shina lote, mama, mwana na mjukuu, hata kama anayeumwa ni mmoja. Yaani ni kiumbe kimoja, kimeungana, basi chote ni kigonjwa. Kwa kaya inayokula matoke kila siku, hiyo ni hukumu nzito, na kazi ya kung'oa tunguu siyo ya mchezo. Wengine waliahirisha, ugonjwa ukaendelea. Baadaye watafiti, wakiwemo waliofanya kazi mashariki mwa Kongo, waliona kwamba mara nyingi bakteria hafiki kwa machipukizi yote. Ukamkata mgonjwa tu usawa wa ardhi, mapema, ukarudia kila dalili inapotokea, ukapitisha panga kwenye moto, ukaondoa ua dume kwa fimbo yenye panda badala ya kisu, ugonjwa unashuka na kibanja kinabaki. Huo ni ushauri wa kuuona mgomba kama ukoo: wameungana, ila si mwili mmoja.

Ona basi lawama yangu iko wapi. Siyo kwamba mchoro ni mfupi, kila mchoro ni mfupi. Ni kwamba unamfanya mtoto adhani "kiumbe" ni neno lisilohitaji kuulizwa, kumbe ndilo gumu kuliko yote matano. Na vishale vyake vinapanda ngazi moja moja kwa adabu, wakati maabara inachukua ncha changa ya chipukizi, inaikuza kwenye chupa, na kupata migomba mizima. Wakulima wanaiita miche ya chupa. Kipande kidogo cha tishu kimeruka maboksi mawili.

Ningekuwa natunga mtihani, ningewapeleka wanafunzi shambani na kuuliza hivi: "Mama ana mnyauko, mwana na mjukuu majani ni mabichi. Utakata nani? Toa sababu." Maksi kumi, na michoro inaruhusiwa.