Jamani, Imekokika! Bastola ya Kwanza kwa Mwanamke Anayeanza

Jamani, imekokika! Kwa vidole vyangu hivi hivi, bila kuuma meno, bila kuibana bastola kifuani, bila kumwita kaka wa kaunta aje anisaidie. Nimevuta, ikaja. Nimeachia, ikarudi. Nikavuta tena kwa raha tu, yule kaka akabaki ananitazama. Inaitwa M&P 380 Shield EZ, inatengenezwa na Smith & Wesson, na haya ndiyo maneno yangu ya kwanza juu yake kabla furaha haijapoa. Najua si mpya. Ilitoka mwaka 2018, na wenzangu wa hapa Texas wengi wameshaizoea. Mimi nimefika karamuni jioni na kukuta sinia bado limejaa, niacheni nile.

Kwa ambaye hajawahi kuishika, niseme kwa nini jambo la kukoki linanipandisha mashetani. Bastola ya magazini haipigi mpaka ile slaidi, yaani chuma cha juu, ivutwe nyuma na kuachiwa. Ikirudi mbele inazoa risasi ya kwanza na kuiingiza kwenye chemba. Bastola ikijamu, unakoki. Ukitaka kuhakikisha haina kitu ndani, unatoa magazini, unavuta slaidi na kuchungulia. Asiyeweza kuvuta slaidi hana bastola. Ana chuma cha watu alichokibeba. Na wanawake wengi hukwamia hapo siku ya kwanza, hasa wenye viganja vidogo, wenye baridi yabisi ya vidole, na mama zetu waliokula chumvi nyingi. Sehemu kubwa ya tatizo ni namna ya kushika, kweli kabisa: ukiisogeza bastola karibu na mwili, mdomo ukielekea mbele kwenye shabaha, ukasukuma mpini kwa mkono mmoja huku mwingine ukiishikilia slaidi, nguvu huongezeka papo hapo. Lakini springi nazo zina lao. Zipo bastola ndogo za 9mm ambazo springi yake ni ya kugombana nayo.

Na ukikwama, muuzaji anafanyaje? Anainama chini ya kioo, anakuibulia rivolva ndogo, anatabasamu. Hii ndiyo ya akina mama, anakwambia. Haina slaidi, haina magazini, unafyatua tu. Ushauri huo umezeeka na bado unatembea. Chukua Smith & Wesson 642, rivolva ya fremu ya alumini inayopendwa sana: risasi 5 za .38 Special, uzito karibu gramu 410. Ni nyepesi na tamu kwenye mkoba. Sasa fyatua. Kifyatulio chake kinadai nguvu ya zaidi ya kilo 5, kwa kidole kimoja, kila risasi. Aliyeshindwa kuvuta slaidi kwa mikono miwili anapewa mzigo huo aubebe na kidole cha shahada! Na wepesi ule uliokuvutia dukani unakugeuka hapo hapo, kwa sababu bastola ikiwa nyepesi mshtuko wote unaishia kwenye kiganja. Ruger LCP ya mwaka 2008 ni kali zaidi kwa hilo: gramu 266 tu ikiwa tupu, inapotea mfukoni, na mwanafunzi akishapiga magazini moja au mbili anaanza kufumba macho kabla hata hajafyatua. Udogo anaouziwa mwanamke kama hisani ndio unaomwadhibu.

Ndiyo maana EZ imenishangaza. Si ndogo! Ina mtutu wa inchi 3.675, kama milimita 93, na urefu wa jumla wa sentimita 17. Uzito ni gramu 524 bila risasi. Mpini unatosha vidole vyote vitatu, hakuna kidole cha mwisho kinachoning'inia hewani kikitafuta pa kushika. Magazini inabeba risasi 8, ya tisa ikikaa kwenye chemba. Ni nyembamba, hivyo hata kiganja kidogo kinaizunguka na kidole kinafika kwenye kifyatulio bila kuupinda mkono.

Turudi kwenye slaidi, maana sijamaliza. Siri iko kwenye mambo mawili. La kwanza ni risasi yenyewe. .380 ni kazi ya John Browning, ya mwaka 1908, yenye kipenyo kile kile cha 9mm ya kawaida ila ganda lake ni fupi: milimita 17 badala ya 19. Baruti ni kidogo na kishindo ni kidogo. Shinikizo linaloruhusiwa kiwandani Marekani ni psi 21,500, wakati dada yake wa 9mm anafika 35,000. La pili ni namna bastola inavyojifunga. Nyingi za zamani za .380, Walther PPK ya mwaka 1931 ikiwemo, hazifungi mtutu na slaidi pamoja. Kinachozuia slaidi isiruke mapema ni uzito wake na ubishi wa springi, kwa hiyo springi lazima iwe ngumu. Watu wananunua .380 wakitarajia upole, wanakutana na chuma kisichovutika na teke la kushangaza. Kwenye EZ, mtutu na slaidi vinafungamana kwa kitambo kidogo sana risasi inapotoka, kisha mtutu unainama na kuachana. Ongeza nyundo iliyofichwa ndani, ambayo nayo inaizuia slaidi kidogo, na mainjinia wakapata nafasi ya kulegeza springi. Nyuma ya slaidi wameweka vijisikio viwili vilivyotokeza, vya kushikia. Kitu kidogo, lakini vidole vyenye jasho vinajua thamani yake.

Halafu magazini! Pembeni yake kuna vitufe vya kushusha kile kibao kinachosukuma risasi juu. Unakishusha kwa kidole gumba, unadondosha risasi moja moja, basi. Kucha zangu zimesalimika zote. Aliyewahi kujaza magazini ngumu ya 9mm mpaka kidole gumba kikafa ganzi atanielewa kwa nini nimeshangilia kwa sauti.

Kwenye uwanja wa shabaha nilianza mita 7 hivi, karatasi mbele, miwani usoni, vizibo vya sikio ndani na vikombe juu yake. Vaeni vyote viwili, hasa uwanja ukiwa wa ndani. Na vaeni nguo yenye shingo iliyofunga: maganda yanayoruka ni ya moto, na ganda la moto likitumbukia kifuani mtu hucheza ngoma huku ameshika bastola iliyojaa, jambo ambalo si la kucheka. Wenzangu wa mtandio hapo mna nafuu. Nimefyatua. Inasukuma, haipigi teke. Alama nyeupe za kulengea zilirudi zenyewe pale pale, nikafyatua tena, na tena, matundu yakakusanyika mahali ambapo sikuwa nimejiahidi. Nilipomaliza nilitaka kuendelea. Kwa anayeanza, hamu ya kuendelea ndiyo sifa kubwa, kwa sababu bastola inayoumiza haifanyiwi mazoezi.

Nyuma ya mpini kuna kibao cha usalama: usipoushika mpini sawasawa, haifyatui. Wazo hilo Smith & Wesson wanalo tangu 1887, walipoiweka sefti ya namna hiyo kwenye rivolva zao zilizoficha nyundo. Kampuni hiyo haijaanza jana kuwawinda wateja wanawake pia. Jina la LadySmith lilikuwa kwenye kijirivolva chao cha .22 tangu 1902 hadi 1921, likafufuliwa 1989. Safari hii wametazama vidole badala ya kutafuta jina, nami nawapongeza.

Sasa lawama, maana mapenzi hayajanipofusha. Kibao hicho cha nyuma kinakataa ukiishika legelege, au ukipandisha gumba juu mno kiganja kikaachana na mpini. Mgeni aliyetaharuki anaweza kukosa risasi ya kwanza kwa sababu hiyo, kwa hiyo mazoezi ya kushika ni ya lazima. Pili, .380 ni ya wastani kwa kazi ya kujilinda. Kipimo cha FBI kwenye jeli ya majaribio ni risasi kuingia angalau inchi 12, kama sentimita 30, na risasi nyingi za .380 zenye ncha ya kupanuka ama hupanuka zikaishia njiani, ama hufika bila kupanuka. Kuna EZ ya 9mm tangu mwaka 2020. Ina nguvu zaidi, na teke lake ni zaidi. Mimi kwa anayeanza bado nashikilia .380, nikiamini risasi iliyofika ilikolengwa kuliko kishindo kilichopotea ukutani. Mtanibishia, najua. Tatu, na hili msilipite: mwaka 2020 kampuni ilizirudisha kiwandani EZ zilizotengenezwa kati ya Machi na Oktoba mwaka huo kwa kasoro ya nyundo. Ukinunua ya mkononi, linganisha namba yake na tangazo la kampuni kabla ya kutoa hela.

Washindani wapo. SIG P365, nayo ya 2018, inabana risasi 10 za 9mm kwenye mwili mdogo, na mwenye mikono yenye nguvu ataipenda. Slaidi yake haina huruma kama hii. Glock 42 ni laini kupiga, ila magazini yake ni ya risasi 6, na ili kuifungua kwa kuisafisha lazima ufyatue kwanza, hatua ambayo kwa mgeni asiyehakiki chemba ni mtego. EZ inafunguka bila kufyatua. Anayenitia wasiwasi ni Ruger Security-380 ya mwaka 2023: slaidi nyepesi vile vile, na magazini ya risasi 15. Siku nitakayoishika hiyo huenda nikapayuka upya.

Kwa wasomaji wa Nairobi na Dar, haya si ya kukimbilia duka kesho. Kenya kuna Bodi ya Leseni za Silaha, Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na huko leseni hutangulia chuma. Nawaandikia hasa dada zetu walioko huku Marekani. Ukinunua kwa muuzaji mwenye leseni utajaza Fomu 4473 na jina lako litapitishwa kwenye mfumo wa FBI wa ukaguzi, ulioanza mwaka 1998. Mwenye green card anaruhusiwa na sheria ya shirikisho; aliyeingia kwa viza ya matembezi au masomo kwa kawaida haruhusiwi, na kudanganya kwenye fomu ile ni jinai inayoweza kukuharibia makaratasi yote. Usimpe shemeji hela akakununulie kwa jina lake. Zawadi ya kweli ni jambo lingine. Kununua kwa niaba ya mtu ni kosa hata kama mtu huyo mwenyewe angeruhusiwa kununua. Texas imeruhusu watu wazima wengi kubeba bila kibali tangu Septemba 2021, lakini ukivuka mpaka wa jimbo sheria hubadilika, na New York si Texas.

Mkoba nao. Desemba 2014, dukani huko Hayden, Idaho, mtoto wa miaka miwili alichomoa bastola kwenye mkoba wa mama yake na kumuua. Ulikuwa mkoba maalumu wenye mfuko wa kuficha silaha. Bastola ikae mwilini, ndani ya ala ngumu inayofunika kifyatulio, na ukiivua iende moja kwa moja kwenye sanduku la chuma lenye kufuli. Baibui na dera vinaficha vizuri sana, ila pima mapema, kwa bastola isiyo na risasi, kama mkono wako utaifikia. Na kama unayemwogopa ni mwanamume unayelala naye nyumba moja, bastola ndani ya nyumba hiyo ni yake pia; hapo anza na watu wa kukutoa humo. Vivyo hivyo kama kuna mtu nyumbani ambaye moyo wake umezama kwenye giza: chuma hiki kisiingie.

EZ ilizinduliwa kwa bei ya orodha ya dola 399, na kwenye boksi zinakuja magazini mbili. Ipo yenye sefti ya gumba na isiyo nayo. Mimi nachukua isiyo nayo, kwa kuwa kibao cha nyuma kinanitosha na sitaki kitu cha pili cha kusahau. Lakini msiniamini mimi tu. Viwanja vingi vya shabaha hukodisha bastola: ikodi hii, ikodi na ile rivolva ya akina mama, piga zote mbili siku moja, mkono wako uamue. Hela itakayobaki iende kwenye risasi za mazoezi na mwalimu. A Girl & A Gun, chama cha wanawake walenga shabaha kilichozaliwa hapa hapa Texas mwaka 2011, kina matawi sehemu nyingi za nchi na kinapokea hata ambaye hajawahi kushika chochote. Mimi nimeshajiandikisha.