Ufundi wa Kukimbia Mbele

Njia moja ya uwanja wa riadha ina upana wa mita 1.22. Mbio za mita 1500 zina kona saba. Mwanariadha atakayezipiga kona zote hizo kwenye njia ya pili atakuwa amekimbia takriban mita 27 zaidi ya mwenzake aliyeshikilia ukingo wa ndani tangu mwanzo. Katika fainali ambayo nishani huamuliwa kwa sehemu ya sekunde, deni la mita 27 halilipiki, hata mtu awe na miguu ya namna gani. Ndiyo sababu wakimbiaji kumi na wawili hugombea ukanda uleule mwembamba kando ya mstari, wakigusana viwiko na kukanyagana visigino. Anayeupata akiwa katikati ya kundi anaweza kujikuta amezingirwa: mmoja mbele, mmoja ubavuni, mmoja nyuma, na nguvu zake zote hazina pa kutokea.

Wanaume wanaoshindana kuteleza kwenye barafu katika uwanja mfupi hukabiliwa na shida hiyohiyo, ila kwao ni kali zaidi. Mzunguko wao una mita 111.12 tu, na kasi yao hupita kilomita 40 kwa saa. Kwenye kona hulala upande hadi vidole vya mkono wa kushoto vinagusa barafu, na nafasi ya kumpita mtu hufunguka na kufungwa kufumba na kufumbua. Katika Olimpiki ya Salt Lake City mwaka 2002, Steven Bradbury wa Australia alijua kwamba wenzake wanne katika fainali ya mita 1000 walimzidi kasi. Akaamua kukaa nyuma. Kona ya mwisho iliwaangusha wote wanne, naye akavuka mstari peke yake na kutwaa dhahabu.

Kusubiri nyuma ni ufundi, nao umesifiwa sana. Ninaotaka kuusifu hapa ni ule wa upande wa pili, wa mtu anayechukua uongozi mapema na kukataa kuuachia. Mara nyingi watazamaji humwona huyo kama mwenye nguvu nyingi na hesabu kidogo, kana kwamba amejitolea kuwa sungura, yaani mwekaji kasi, wa wenzake. Nchi ya chai ya Kericho na Bomet, huko Kenya, imetoa wanaume wawili wanaothibitisha kwamba sivyo.

Wa kwanza ni Wilson Kiprugut Chumo, mwana wa Kericho aliyezaliwa mwaka 1938 na kufariki mwaka 2022. Oktoba 1964, Kenya ikiwa haijatimiza mwaka mmoja wa uhuru, alimaliza wa tatu katika mita 800 mjini Tokyo, nyuma ya Peter Snell wa New Zealand na Bill Crothers wa Kanada. Hiyo ndiyo nishani ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki. Miaka minne baadaye, mjini Mexico, alifanya jambo lililohitaji moyo mkubwa zaidi. Alishika uongozi mapema na kuiendesha fainali kwa mwendo mkali, akimwachia kila mmoja uamuzi wa kumfuata au kubaki. Ralph Doubell wa Australia alimfuata, akachomoka katika mita za mwisho na kushinda kwa 1:44.3. Kiprugut alikuwa wa pili kwa 1:44.5. Muda huo wa Doubell ulikuwa sawa na rekodi ya dunia ya Snell. Kwa maneno mengine, ili kumpita Kiprugut siku ile ilibidi mtu afikie kasi ya juu kabisa iliyowahi kufikiwa na binadamu katika mbio hizo.

Wa pili ni Timothy Cheruiyot wa Bomet, aliyezaliwa mwaka 1995. Katika Riadha za Dunia za London mwaka 2017 alipata fedha ya mita 1500 nyuma ya Mkenya mwenzake, Elijah Manangoi. Kisha ikaja Doha, tarehe 6 Oktoba 2019. Katika mashindano ya ubingwa hakuna wawekaji kasi wa kukodiwa, hivyo fainali nyingi huanza kwa uoga, kila mtu akichungulia mwenzake. Cheruiyot hakungoja. Alitoka kwenye mstari wa kuanzia akaenda moja kwa moja mbele, akashika ukingo, akabaki hapo hadi mwisho. Muda wake ulikuwa 3:29.26, yaani wastani wa chini kidogo ya sekunde 56 kwa kila mzunguko. Taoufik Makhloufi wa Algeria, bingwa wa Olimpiki wa mwaka 2012, alikuwa wa pili, sekunde 2.12 nyuma. Kwa kasi ile, pengo hilo ni zaidi ya mita 14.

Ufundi wenyewe uko wapi? Kwanza, uko katika kupima mwendo. Anayeongoza hana mgongo wa kuutazama, na yeye ndiye anayepasua upepo kwa niaba ya wote. Akizidisha kidogo mapema, mita 200 za mwisho zitamdai. Akilegea, wenye mbio kali za kumalizia watafika kengele ya mzunguko wa mwisho wakiwa wabichi. Inambidi apate mwendo unaowaumiza wao kuliko unavyomuumiza yeye.

Pili, uko katika kona. Mtazame mkimbiaji hodari anapokaribia kona huku mtu akimjia ubavuni. Hageuki nyuma. Huongeza hatua mbili tatu tu za haraka, kiasi cha kutosha kumfanya yule wa pembeni achague: arudi nyuma yake, au apige kona nzima kwa nje na kulipa karibu mita nne. Kona ikiisha, mwendo unarudi pale ulipokuwa. Wateleza barafu nao hujilinda hivihivi. Akitazama kwenye runinga, mtu anaweza asione chochote kilichotokea.

Stadi hiyo haiji kwa siku moja. Ukipita kati ya Litein na Sotik asubuhi na mapema utawakuta vijana wakikimbia kwenye barabara za udongo mwekundu kati ya mashamba ya chai, kwenye miinuko inayokaribia mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Barabara zile hupanda na kushuka bila kukupa nafasi ya kupumzika, na asiyejua kugawa pumzi yake huadhibiwa na kilima kinachofuata. Cheruiyot aliendelea kunolewa chini ya kocha Bernard Ouma kule Rongai, karibu na Nairobi, ambako Manangoi pia alikuwa akifanya mazoezi.

Mbinu ya kukimbia mbele ina bei yake, na Cheruiyot ameilipa. Katika Olimpiki ya Tokyo, Agosti 2021, Jakob Ingebrigtsen wa Norwei, aliyekuwa hajawahi kumshinda Cheruiyot katika mita 1500, alimfuata kwa subira kisha akampita mwishoni na kuweka rekodi ya Olimpiki ya 3:28.32. Cheruiyot alimaliza kwa 3:29.01. Josh Kerr wa Uingereza alikuwa nyuma yake kwa sekunde 0.04. Muda huo wa Cheruiyot ulikuwa bora kuliko ule uliompa dhahabu Doha. Yeye ndiye aliyeifanya fainali ile iwe ya kasi, na kasi hiyo ndiyo iliyowaacha wengi waliotaka kungoja.

Kwa hiyo fainali ya mita 1500 ikija tena, usingoje kengele ndipo uanze kutazama. Angalia nani ameshika ukingo katika mzunguko wa pili, nani anasukumwa nje kwenye kila kona, na mzunguko wa tatu umekwenda kwa sekunde ngapi. Mita 100 za mwisho huonyesha mshindi, lakini kazi ya kuchagua nani atafika pale akiwa na pumzi hufanywa mapema, na aliye mbele. Kiprugut na Cheruiyot waliichukua kazi hiyo wakijua inavyogharimu. Hiyo ni akili ya mbio, nayo inastahili sifa sawa na kasi ya miguu yao.