Mizani na Mifuko ya Plastiki

Kupima uzito wa kinyesi cha watu wazima si kazi inayogombewa. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefika Uganda mwaka 1946, aliifanya kwa utulivu wa fundi saa.

Wengi wanamjua kwa saratani inayobeba jina lake, ile inayoshambulia mataya ya watoto. Ruzuku ya pauni 25 ilitosha kuchapa vipeperushi vyenye picha za uvimbe huo, akavisambaza katika hospitali za Afrika. Mwaka 1961, yeye na wenzake wawili wakapanda gari kuukuu, wakasafiri maili 10,000 kwa wiki kumi, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine: mmeuona? Uchache wa fedha ulimzoesha kutafuta swali ambalo hata zahanati ya mwisho wa barabara inaweza kulijibu.

Aliporudi Uingereza aliuhamishia mtindo huohuo kwenye chakula. Mbona maradhi ya utumbo mpana yaliyojaa wodi za London alikuwa hayaoni katika hospitali ya Mulago, Kampala? Alihisi jibu limo katika nyuzinyuzi za vyakula visivyokobolewa. Ila hisia haipimiki, kinyesi kinapimika.

Utaratibu wenyewe ni wa kupendeza kwa wepesi wake. Mtu anameza vipande 25 vidogo vya plastiki vinavyoonekana kwenye eksirei. Kuanzia hapo, kila akienda haja kubwa anatumia mfuko na kuandika saa. Mfuko unawekwa kwenye mizani, kisha unapigwa eksirei, na vipande vinahesabiwa kwenye picha. Vikishatoka 20, muda wa safari umejulikana. Hakuna anayechokonoa chochote. Ugumu wote uko kwa binadamu: kumshawishi asiruke hata mfuko mmoja, asione haya, asikisie saa. (Nawaheshimu sana waliopewa kazi ya kuibeba mifuko hiyo.)

Matokeo aliyoyatoa na wenzake katika jarida la Lancet mwaka 1972 hayakuhitaji hesabu za kina ili yaeleweke. Kwa wanavijiji wa Uganda, chakula kilipita kwa saa 36 hivi, na kinyesi cha siku kilikuwa na wastani wa gramu 470. Kwa wanamaji wa Uingereza na wake zao: saa 83, gramu 104.

Burkitt aliwaza zaidi juu ya wingi na mwendo. Leo tunajua kwamba bakteria wa utumbo mpana huzichachua nyuzinyuzi hizo na kutengeneza asidi, mojawapo ikiwa butireti, ambayo seli za ukuta wa utumbo huitumia kama nishati. Tena sehemu kubwa ya uzito mkavu wa kinyesi ni bakteria wenyewe. Mizani yake, basi, ilikuwa tayari inawapima.

Fedha nyingi zilikuja baadaye. Mradi mkubwa wa Marekani wa vijidudu vya mwili wa binadamu, ulioanza mwaka 2007, ulitengewa zaidi ya dola milioni 100, na awamu yake ya kwanza ikachunguza watu wazima 242 wenye afya, wa Houston na St. Louis. Ulitupa orodha bora ya wakazi wa mwili. Lakini kusoma jenomu ni sehemu inayozidi kuwa rahisi kila mwaka. Kumlisha mtu kwa makusudi na kujua kwa hakika alichokula hakujawa rahisi hata kidogo.

Ndiyo maana nauvulia kofia utafiti wa Kilimanjaro uliochapishwa mwaka 2025, wa watafiti wa hospitali ya KCMC, Moshi, na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi. Walishirikisha wanaume 77. Baadhi ya wa vijijini walihamia kwenye mlo wa Kimagharibi kwa wiki mbili, baadhi ya wa mjini wakarudishiwa vyakula vya asili, na wengine walikunywa mbege kwa wiki moja: ndizi na ulezi, kinywaji ambacho wapishi wa Kichagga wamekimiliki muda mrefu kabla ya ruzuku yoyote. Hapa kilichopimwa ni damu. Mlo wa Kimagharibi ulipandisha viashiria vya uvimbe (inflamesheni) mwilini. Vyakula vya asili na mbege vilivishusha. Baadhi ya mabadiliko yalionekana hata wiki nne baadaye, na kuyaona kulidai kuwatafuta wanaume walewale upya, kuwachoma sindano tena, na kuwa na bajeti ambayo hakuna aliyeifyeka katikati ya njia.