Sibiloi 2013: Kambi Ilipigwa Pasipofaa

Dhoruba ya Turkana imelaumiwa vya kutosha. Kosa la Novemba 3, 2013 lilitangulia mawingu: lilifanyika pale waandaaji wa safari walipochagua ukingo wa mashariki wa ziwa, ndani ya Hifadhi ya Sibiloi, wakasimamisha mahema na kuwaambia wageni kutoka Nairobi kwamba hapo ndipo watakaposubiri kivuli cha kupatwa kwa jua.

Hesabu zilikuwa wazi tangu mwanzo. Kupatwa kule kulikuwa kwa mseto, yaani kwa pete mahali pengine na kamili pengine, na kufikia Kenya kivuli cha mwezi kilikuwa kimekonda. Baharini, kusini-magharibi mwa Liberia, giza lilidumu dakika 1 na sekunde 40. Turkana zilibaki sekunde kumi na kitu. Tena lilikuwa tukio la jioni, kama saa kumi na moja na dakika 25, jua likiwa limeshuka hadi takriban digrii 14 juu ya upeo.

Hapo ndipo uamuzi unapoanguka. Kwa pembe hiyo, wingu la mvua lenye kimo cha kilomita 10 huziba jua hata likiwa umbali wa kilomita 40. Aliyesimama Sibiloi anatazama magharibi kuvuka ziwa. Utosini pake panaweza kuwa peupe kabisa, na bado wingu lililoota ng'ambo ya maji likamnyima kila kitu. Huo ulikuwa msimu wa vuli, saa ambayo joto la mchana limekwisha kupandisha mawingu. Mwezi ulikuwa umeanza kulimega jua pale dhoruba ya mchanga na mvua ilipovamia, na zile sekunde zikapita nyuma ya pazia.

Wangekimbilia wapi? Aliyeletwa na ndege ndogo hakuwa na gari. Aliyeendesha kupitia Marsabit na North Horr alikuwa na njia za mchanga na mawe mbele yake. Mmego wa kwanza hutangulia giza kwa saa nzima hivi, muda wa kutosha kuhama kilomita kadhaa ndani ya ukanda wa kivuli, ila tu kwa mtu mwenye barabara. Magharibi mwa ziwa ipo njia ya Lodwar. Pakwach, Uganda, ipo lami, na giza lilidumu zaidi. Rais Museveni alikwenda huko, na watu waliona.

Kwa haki, ukanda ulipimwa sawasawa, na safari ya Sibiloi ndiyo iliyowakutanisha Susan Murabana na Chu Owen, ambao mwaka 2014 walianzisha Travelling Telescope inayowapelekea watoto wa shule darubini.

Wazee walijua kazi. Juni 30, 1973, siku ya kupatwa kwingine, wanasayansi wa Marekani walipiga kambi Loiyangalani, ziwa hilihili, lakini wao walikuwa na dakika kadhaa za giza, si sekunde. Wingu dogo lingeweza kupita wakabakiwa na kitu. Siku hiyohiyo rubani André Turcat aliirusha Concorde 001 kutoka Las Palmas, akakimbia na kivuli kuvuka Sahara kwa dakika 74. Huyo alielewa kwamba anayewinda kivuli hafungi miguu yake.

Safu hii ina kinyongo kingine cha zamani, na hakijaisha. Januari 15, 2010, Ijumaa asubuhi, kupatwa kwa pete kulipita juu ya Nairobi yenyewe kwa zaidi ya dakika 6. Uhuru Park, Arboretum, Kawangware, Karen: hakuna aliyehitaji hema wala tiketi ya ndege, kichujio tu. Ile ndiyo iliyostahili kukumbukwa kama siku kubwa ya anga ya jiji hili, lakini hadi leo mazungumzo ni ya Sibiloi, kwa sababu Nairobi imezoea kudhani kwamba anga ni kitu cha safari, cha mgeni mwenye kofia pana na bili ya dola.

Agosti 2, 2027 kivuli kitapita kusini mwa Hispania, Afrika Kaskazini, Saudi Arabia, Yemen na ncha ya kaskazini-mashariki ya Somalia. Karibu na Luxor, Misri, giza litazidi dakika 6. Anayechanga fedha sasa aulize kwanza rekodi za mawingu za mwezi huo, kisha kimo cha jua, kisha barabara. Mwandaaji asiyeweza kuonyesha gari la kuhama saa ya mwisho asipewe malipo ya awali.