Sungura na Kobe Kisimani: Nani Mfano Wetu?

Liko swali ambalo vijana hupenda kuulizana wakiwa mapumzikoni, na walimu nao huwapa wanafunzi waliandikie insha: "Katika wanyama wote, ni yupi akufananaye, na kwa sababu gani?" Laonekana kuwa swali la mchezo tu. Lakini mtu akilijibu hulitaja jambo analolisifu moyoni mwake, hata kama hakukusudia kulitaja. Kwa hiyo nimeona yafaa kulichungua kwa njia ya hadithi moja isimuliwayo pengi katika Afrika ya Mashariki, nayo ni hadithi ya wanyama waliochimba kisima. Nataka kuipima hadithi yenyewe, na tena kupima jinsi tunavyoisikiliza, hasa sisi wa Samunge ambao maji ya mfereji ndiyo uhai wetu.

Kwanza tumwondoe simba njiani, maana wengi humtaja yeye upesi. Jina lake latia hofu, na watu hulipenda. Klabu ya mpira ya Dar es Salaam iliyokuwa ikiitwa Sunderland ilijiita Simba mwaka 1971, na sababu yaeleweka bila kuelezwa. Ama fisi, hapana atakaye kufananishwa naye, kwa kuwa hadithi zetu humfanya mlafi, mpumbavu, mla mabaki ya wenziwe. Basi sikilizeni. Hans Kruuk, mtaalamu wa wanyama aliyezaliwa Uholanzi, alikaa miaka mingi akiwachungua fisi wa Serengeti na wa bonde la Ngorongoro, wilaya yetu hii, na kitabu chake kilitoka mwaka 1972. Aliona kwamba fisi huwinda wenyewe sehemu kubwa ya chakula chao, tena huwinda usiku, watu wakiwa wamelala. Kulipokucha, watu walimkuta simba juu ya mzoga na fisi wakingoja kando, wakadhani simba ndiye aliyeua. Kumbe mara nyingi huko bondeni fisi ndio walioua, na simba alikuja kuwanyang'anya. Basi ajisifuye kuwa simba na ajiulize kwanza, je, nasifu uwindaji au unyang'anyi?

Tena yafaa tukumbuke kwamba wako watu wasiochagua mnyama hata kidogo. Huko Buganda kila mtu huzaliwa katika ukoo wenye mnyama wake, au mmea wake, nao huuita muziro. Wa ukoo wa Ngeye mnyama wao ni mbega, wa Lugave ni kakakuona, wa Ffumbe ni fungo. Mtu wa ukoo hamli mnyama wake, wala haoi katika ukoo wake. Hapo mnyama si pambo la kujisifia, bali ni wajibu: ukitaja mnyama wako, umetaja jamaa zako na mambo uliyokatazwa. Napenda tulichukue neno hilo twende nalo kisimani, maana kufanana na mnyama bila wajibu wo wote ni maneno matupu.

Hadithi yenyewe ni hii. Nchi ilikauka, mito ikakatika. Wanyama wakakutana, wakakubaliana kuchimba kisima. Wote wakachimba, isipokuwa sungura. Katika masimulizi mengine alisema yeye hana haja ya kisima, umande wa majani wamtosha. Maji yalipotoka, wanyama wakamkataza asinywe, wakaweka mlinzi. Usiku sungura akaja na kibuyu cha asali, akamwonjesha mlinzi, kisha akamwambia, "Asali hii hailiki mpaka mtu afungwe kwanza." Mlinzi akakubali kufungwa. Sungura akanywa, akaoga, akayavuruga maji, akaenda zake. Akawekwa mlinzi wa pili, mkubwa kuliko wa kwanza, naye akafungwa vivyo hivyo. Mwisho kobe akajitoa. Wakamcheka, lakini hawakuwa na mwingine. Akapakwa ulimbo mgongoni, akazama chini ya maji, akanyamaza. Sungura alipokuja aliita, hakujibiwa. Akaingia majini, akakanyaga kitu alichodhani ni jiwe, mguu ukanasa. Asubuhi wanyama wakamkuta mezani pa hukumu, na katika masimulizi mengi akawadanganya tena, akaponyoka.

Watu wakisikia hadithi hii hucheka, nao hucheka pamoja na sungura. Ndilo jambo linalonishangaza. Maana sisi Watemi, ambao wageni hutuita Wasonjo, twakaa katika nchi kavu, chini ya milima, na mababu zetu walichimba mifereji ya kuyatoa maji katika chemchemi na vijito ili walime mtama, viazi na maharage. Robert Gray, aliyeandika juu yetu kitabu kilichotoka mwaka 1963, aliona kwamba maji ndiyo yaliyokuwa msingi wa utawala wa vijiji vyetu: wazee walioitwa wenamiji walikuwa na mamlaka juu ya zamu za maji, na neno lao liliogopwa. Kila mtu wa huku ajua sababu. Mfereji hujaa matope na majani, usipozibuliwa maji hayafiki. Na mtu wa juu akifungua maji usiku isipokuwa zamu yake, wa chini huamka akakuta shamba lake limekauka, wala hana la kushitaki, maana maji hayana alama. Basi mbele ya watu kama hawa, asiyechimba akaja kunywa si kichekesho. Ni jirani tumjuaye.

Lakini mkosoaji hapaswi kumhukumu sungura kabla hajauliza kwa nini watu walimpenda. Yako mambo ya kumtetea. Katika hadithi nyingine, kama ile ya sungura na simba aliyoichapisha Edward Steere mwaka 1870 katika hadithi alizozikusanya Unguja, sungura ni mdogo asiye na meno wala makucha, na adui yake ni mfalme wa mwitu. Akimshinda kwa akili, twafurahi kwa haki, kwa kuwa mnyonge hana silaha nyingine. Waafrika waliouzwa utumwani Marekani walikuwa na hadithi za namna hiyo hiyo, na moja ya sungura aliyenaswa na sanamu ya lami ilichapishwa katika kitabu cha Joel Chandler Harris mwaka 1880. Watu waliokuwa chini ya mjeledi walijua vema kwa nini wampende mdogo amdanganyaye mkubwa.

Hata hivyo tazameni vizuri. Katika hadithi hiyo hiyo ya Unguja, asali iliyo ndani ya mbuyu ni ya simba, na sungura humwalika mwenziwe waende kuila. Simba akitokea, sungura hutafuta njia ya kuponyoka kwanza, amwache mwenziwe katika hatari. Na kisimani hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa hapo hakuna dhalimu. Kisima si cha simba, ni cha wote waliochimba. Werevu ule ule uliokuwa ngao ya mnyonge umegeuka kuwa wizi juu ya wanyonge wenziwe. Kwa hiyo asemaye "mimi ni sungura" hajasema neno bado. Na atuambie, sungura wa hadithi ipi? Nadhani hili ndilo kosa la swali letu tangu mwanzo: twaulizwa tuchague mnyama, na ilitupasa tuchague tendo.

Sasa tuwaangalie walinzi, maana huwa twawasahau. Hapana hata mmoja aliyefungwa kwa nguvu. Wote walinyosha mikono wenyewe, kwa tamaa ya asali. Nasi tulio warina asali twajua utamu wake, kwa hiyo kosa lao laeleweka. Lakini ni kosa. Msimulizi amelificha shauri kubwa ndani ya kicheko: mali ya watu wengi huibiwa mara mbili, kwanza katika moyo wa aliyewekwa kuilinda, kisha kisimani. Angalieni tena kwamba walinzi walichaguliwa kwa ukubwa wa mwili. Wanyama walidhani kisima chahitaji nguvu, kumbe chahitaji mtu asiyenunulika. Nasi tukichagua mtu wa kushika fedha za ushirika au funguo za ghala, mara ngapi twatazama sauti na kimo?

Twende kwa kobe. Wako wasemao kwamba kobe wa hadithi hafanani na kobe wa kweli, na ni kweli. Kobe wa nchi kavu hawezi kukaa muda mrefu chini ya maji, atakufa. Akaaye majini ni kobe wa namna nyingine. Tena sungura wa porini huweza kuishi kwa maji yaliyomo katika majani, kwa hiyo maneno yake juu ya umande hayakuwa uongo mtupu. Lakini hadithi haifundishi elimu ya wanyama. Yasema juu ya watu, na wanyama wamevikwa kama nguo.

Je, kobe ashinda kwa nini? Watu husema, kwa uvumilivu. Mimi naona jibu hilo halitoshi. Kobe naye alitumia hila: alijificha, akapakwa ulimbo, akajifanya jiwe. Basi hadithi haishindanishi akili na ujinga, wala ujanja na unyofu wa kitoto. Yashindanisha akili mbili, moja ijitumikiayo na moja itumikayo kwa ajili ya wote. Tena mna jambo jingine ndani yake. Ulimbo hunasa pande zote mbili. Usiku ule sungura alinaswa na kobe, na kobe alinaswa na sungura. Hakuweza kukimbia hata kama angetaka. Hivyo ndivyo ulinzi wa kweli ulivyo. Asemaye neno la haki katika baraza juu ya jirani aliyeiba maji hujifunga naye: watakutana njiani, watakutana msibani, watoto wao watakaa dawati moja. Wengi hunyamaza kwa sababu hiyo, wala si kwa kukosa ushahidi.

Wako walimu ambao, wakisimulia hadithi hii darasani, hubadili mwisho wake. Humwua sungura, ili watoto waone kwamba mwizi huadhibiwa. Naelewa nia yao, lakini nadhani wanaiharibu hadithi. Sungura akifa, kazi imekwisha, na wanyama waweza kwenda kulala. Akiponyoka, kisima chataka mlinzi kesho pia, na kesho kutwa. Watoto wa Samunge wajua tayari kwamba mfereji uliozibuliwa mwaka huu hujaa tena matope mwaka ujao. Mwisho wa wazee ni mchungu, lakini ni wa kweli kuliko ule wetu.

Hata hivyo hadithi ina upungufu mmoja, nami sitauficha kwa kuwa naipenda. Haimpi sungura njia ya kurudi. Alikataa kuchimba siku moja, na tangu siku ile hana ila kufa kwa kiu au kuiba. Hapana mnyama aliyemwambia, "Njoo, hili hapa jembe, leo zibua upande huu, jioni utakunywa." Labda angekataa tena, lakini hakuulizwa. Hapo ndipo mtu apaswapo kumpita mnyama. Kijiji kina baraza, kina faini, kina wazee wa kusuluhisha. Aliyekosa kazi ya mfereji aweza kulipa, akashika jembe, akarudishwa katika zamu. Kijiji kimwitacho mtu sungura mpaka kufa kwake kitapata kile kile kilichomwita. Na watoto wake nao wataitwa hivyo, nao hawakukataa kuchimba kitu.

Basi nikiulizwa mimi, nitajibu: nataka kufanana na kobe, si yule wa porini avukaye njia polepole, bali yule wa kisimani, na katika tendo lile moja la kukaa chini ya maji usiku, pasipo mtu wa kumwona wala kumsifu, baada ya kuchekwa. Sababu yangu ni kazi yangu. Mwalimu hupanda leo, na watakaovuna hawajui jina lake. Lakini kwa tendo la asubuhi, wanyama walipokusanyika kuhukumu, nataka niwe mtu.

Nanyi wasomaji, mkiwauliza watoto wenu swali hili jioni, msiwakemee wakimtaja simba au sungura. Waulizeni swali la pili: "Alifanya nini, na alimfanyia nani?" Kisha wasimulieni ya kisima mpaka mwisho, bila kuibadili, mkawaulize ni nani atakayelinda usiku wa kesho.