Ukuta Hukaguliwa Kabla ya Rangi

Anayetaka kumpima fundi rangi asisubiri rangi. Aende siku ukuta ungali mweupe wa puti, azime taa ya dari, afunge mapazia, kisha awashe tochi na kuilaza ubavuni mwa ukuta ili mwanga upite sambamba nao. Hapo kila tuta hutoa kivuli, na mikwaruzo ya msasa huonekana kama njia za mchwa.

Mtihani huo ni mkali zaidi kwenye ukuta uliobanduliwa karatasi za mapambo. Katika sebule nyingi za Dar es Salaam karatasi hizo zilibandikwa juu ya lipu iliyopigwa kwa haraka, na zinapotoka huondoka na vipande vya puti ya zamani. Mashimo yanayobaki mwenye nyumba huyaona mara moja. Gundi haioni.

Mimi huanzia kwenye gundi. Chovya kiganja katika maji ya uvuguvugu, usugue ukuta kwa muda: ukiteleza, gundi ingalipo. Gundi ya wanga hugeuka buluu iliyoiva, karibu na nyeusi, ikidondoshewa ayodini ya duka la dawa, lakini si gundi zote zina wanga, kwa hiyo kiganja ndicho cha kuaminiwa. Fundi makini huosha kwa sifongo na kubadilisha maji kila yanapochafuka. Ndoo ya maji mazito huhamisha gundi kutoka pembe moja hadi nyingine tu. Puti na rangi ya maji huilainisha upya gundi iliyokauka, nayo ikikauka tena hujikunja na kuvuta kila kilicho juu yake. Ndiyo asili ya zile nyufa nyembamba na maganda yanayojitokeza baadaye. Tuta husawazishwa kwa msasa, lakini gundi iliyofunikwa humrudisha fundi kwenye kukwangua ukuta mzima. Kwa hiyo fundi aliyeacha gundi namweka chini ya aliyeacha matuta.

Kisha gonga lipu kwa vifundo vya vidole. Panapotoa sauti ya uwazi, lipu imeachana na tofali. Pabomolewe na kupigwa upya, maana puti haishiki kitu kinachoning'inia.

Kuhusu unyoofu, chukua rula ya alumini ya mita 2. Kipimo kilichozoeleka Uingereza kwa lipu ni tofauti isiyozidi milimita 3 katika mita 1.8. Siwi mkali kiasi hicho kila mahali. Jicho husamehe ukuta unaoinama polepole, ila halisamehe kituta kilicho karibu na dirisha au pembeni mwa swichi. Wamarekani hupanga umaliziaji wa mbao za jipsamu kwa ngazi kuanzia 0 hadi 5, na ile ya 5, yaani kupaka tabaka jembamba (skimu) ukuta wote, huitaka pale mwanga unapopita ubavuni au rangi inapong'aa. Anayetaka rangi ya silki aukague ukuta wake kwa ukali huo. Rangi isiyong'aa huficha mengi.

Puti nzuri hupigwa mikono miwili au mitatu myembamba, kila mmoja ukikauka kabla ya unaofuata. Ikijazwa nene kwa mkono mmoja, hupasuka. Chini ya ukuta, unyevu unapopanda na kuacha unga mweupe wa chumvi, puti ya jipsamu hulainika na kumomonyoka. Tibu unyevu kwanza.

Nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Zanzibar na za Lamu zina hukumu yake. Kuta zile za chokaa hupumua, na kuzifunika kwa saruji na rangi ya plastiki ni kuzifungia maji ndani. Mawimbi yake madogo ni uzuri wake, na fundi anayeyanyoosha yote ameharibu.

Mwisho, bandika utepe wa karatasi juu ya puti iliyopigwa msasa, uubandue: ukitoka na unga mwingi, vumbi halikufutwa na praima haitashika. Praima ikikauka, tazama mng'ao wake. Madoa yaliyofifia yakichanganyika na yanayong'aa, ukuta unanyonya bila usawa, na mkono mwingine wa praima unahitajika kabla ya kopo la rangi kufunguliwa.